Nusu siku Bagamoyo, na mlenda wa shangazi

Ni saa 3 usiku hapa Dodoma, upepo unapiga mabati kama kawaida yake, na mi nimekaa jikoni naangalia mbuzi ya kukunia nazi niliyotoka nayo Bagamoyo. Nimeipakata kwenye treni toka Dar mpaka hapa. Dada mmoja tuliyekaa naye akaniuliza, dada hiyo unauza, nikamwambia hapana, nimepewa, na kitu ulichopewa na mtu aliyekulisha jikoni kwake hukitupii tu juu huko na mabegi.

Ngoja nisimulie toka mwanzo maana nikiacha zikapita siku mbili tatu nitasahau vitu vidogo vidogo, na mi hivyo vidogo ndo navitaka.

Kikoba chetu tupo wanawake 11, wengi tumezaliwa humu humu mkoani, Mvumi, Bahi, Chamwino, wengine wamehamia wakati serikali inahamia. Tukishavunja kikoba kila mtu anaacha hela kidogo ya kutembea. Mwaka juzi tulienda pwani hiyo hiyo na watu waliosema wao ni wataalamu wa safari, siwataji, ila ile siku sitaki irudi. Vituo tisa kwa siku moja, tukishuka tunaambiwa pigeni picha twende, pigeni picha twende, halafu mchana wakatupeleka sehemu tukala chipsi kuku. Yaani mtu umetoka Dodoma, umepita Morogoro yote, umefika mahali bahari unaiona kwa macho yako, unapewa chipsi kuku. Mama mmoja kwenye kundi letu alikuwa hajawahi kuonja pweza maisha yake yote na akarudi hajamwonja. Iliniuma sana ile.

Kwa hiyo safari hii nikasema napanga mwenyewe na masharti yangu ni mawili tu. La kwanza, nusu siku, sio siku nzima, maana tuna watu wazima kwenye kundi na jua la pwani na lile joto lake la kulowanisha nguo sio kama jua letu huku ambalo ukiingia kivulini tu limeisha. La pili, chakula kipikwe na mtu ambaye jikoni kwake tutaingia. Nikapata namba ya kaka mmoja mwongozaji wa pale pale Bagamoyo kupitia mtu ninayefanya naye kazi, tukaongea kama mara nne kwenye simu, na nilimpenda kwa sababu moja, nilipomuuliza tutakula wapi hakunitajia hoteli, alinyamaza kidogo akasema "dada, nyie mnapenda kula nini mkiwa kwenu?" Hakuna mtu wa safari aliyewahi kuniuliza hivyo.

Shangazi yangu naye akasema anakuja. Shangazi ana miaka 67, anakaa Mvumi, bahari alikuwa ameiona mara moja tu miaka mingi iliyopita alipopeleka mgonjwa Muhimbili, na hata hiyo aliiona kwenye dirisha la gari. Akaja stesheni na begi dogo la nguo na kiroba cha kilo tano. Nikamuuliza shangazi kiroba cha nini, akasema "mtu haendi ugenini mikono mitupu". Ndani kulikuwa na unga wa uwele, mlenda mkavu wa kusaga, karanga na ubuyu.

Treni sina mengi ya kusema, wengi mmeshaipanda, toka ianze kufika Dodoma Julai 2024 maisha yamebadilika, masaa matatu na kitu upo Dar. Lakini kuna jambo kaka mwongozaji alituambia kesho yake nikabaki nalo kichwani. Ile njia tuliyoishuka kwa masaa matatu inakaribiana na njia ya misafara ya zamani, Bagamoyo kwenda Mpwapwa kwenda Ugogo kwenda Tabora mpaka Ujiji. Stanley yule aliyekuwa anamtafuta Livingstone aliondoka Bagamoyo Machi 1871 na Ugogo akaingia mwishoni mwa Mei. Miezi miwili! Na kabla ya kuingia kwetu unavuka kwanza pori walilokuwa wanaliita Marenga Mkali, nyika isiyo na maji ya maana, na shangazi aliposikia hilo jina akadakia hapo hapo, "malenga si maji hayo, kwa Kigogo". Kaka wa watu alikuwa ameshawaambia wageni hilo jina miaka yote hajawahi kusikia mtu anamtafsiria kwa lugha ya mama yake. Akatoa simu akaandika.

Na wakishavuka hapo wanatozwa hongo. Hili neno leo tunalijua kwa ubaya ila wakati ule ilikuwa ushuru wa kupita, watemi wa Kigogo walikuwa wanatoza kwa nguo, shanga na waya, maana visima ni vyao na chakula ni chao. Misafara ilikuwa inanunua nafaka na maziwa kwa babu zetu, bila hivyo hawafiki Tabora. Mvumi ya shangazi yangu ilikuwa moja ya hivyo vituo, na Stanley naye alipita hapo akalipa. Nimesoma shule Dodoma darasa la kwanza mpaka form six na hilo nimelisikia nimesimama kwenye mchanga wa Bagamoyo, na nimelisikia kwa sababu tu mwongozaji alijua wageni wake wametoka wapi akaanzia hapo.

Tulilala Dar kwa ndugu, saa 12 asubuhi tukapanda kosta ya kukodi, Bunju, Mapinga, Kerege, na saa 1 na nusu tuko Bagamoyo. Akatupokea kaka, kofia kichwani, shikamoo kwa wakubwa mmoja mmoja, hakuruka hata mtu. Akasema tuanze na Kaole kabla jua halijakaza.

Kaole ni kama kilomita 5 kusini ya mji. Kuna magofu ya msikiti wa karne ya 13 na makaburi, mengine yana minara mirefu ya mawe ya matumbawe, na kwenye hayo makaburi zamani zilikuwa zimepachikwa bakuli za China, sasa zimetolewa zimewekwa kwenye makumbusho ndogo hapo hapo. Mi sio mtu wa magofu sana nasema ukweli wangu, nilichokipenda ni jinsi alivyoelezea mahali pale palivyokufa. Bandari ilikuwa hapo, mikoko ikaota ikazidi kuota mpaka vyombo vikashindwa kuingia, watu wakahamia Bagamoyo. Sasa hivi ukisimama pale unaona mikoko tu, bahari huioni, unaisikia harufu yake. Mji mzima umehamishwa na mti. Kuna kisima pia cha maji baridi, karibu na chumvi kote huko lakini maji yake hayana chumvi, na wenzangu wote walinawa uso. Shangazi akanywa. Sisi watu wa Dodoma maji matamu mahali pasipotegemewa tunayaheshimu.

Mjini tulitembea kwa miguu, taratibu. Boma la Wajerumani, mtaa wenye milango ya kuchonga, ile sehemu ya misafara ambapo wapagazi walikuwa wanafikia na ambapo watu waliofungwa minyororo walikuwa wanaletwa kusubiri majahazi. Hapo kaka aliongea kwa sauti ya chini na hakutuharakisha. Alitueleza tafsiri mbalimbali za jina lenyewe, bwaga moyo, wengine wanasema mpagazi anatua mzigo moyo unatulia, wengine wanasema mtumwa anauacha moyo wake hapa kwa sababu hatarudi tena bara. Mama mmoja wetu akauliza "na wa kwetu walipita hapa?" Kaka akasema mama, watu wa bara yote walipita hapa. Tukakaa kimya kidogo, mtu hakutoa simu.

Kwenye misheni, ile ya mapadre ya 1868, kuna mbuyu mkubwa na simulizi la mnyororo ulioingia ndani ya shina, na kuna kanisa dogo ulipolazwa mwili wa Livingstone Februari 1874 baada ya watumishi wake akina Chuma na Susi kuubeba toka huko ilipo Zambia ya leo. Haya mtayasoma popote. Ila kuna moja mi lilinigusa zaidi, nalo halichukui hata dakika tano. Tukiwa tunarudi barabarani tukasikia ilimba, ile ala ya Kigogo inayopigwa kwa vidole gumba. Ilimba kabisa, ya kwetu. Wagogo wote 7 tuliokuwemo tukasimama kwa pamoja kama tumeitwa. Kaka akacheka akasema nilikuwa nawasubirisha hili, mzee wenu Hukwe Zawose, yule mwanamuziki, aliishi hapa, alifundisha chuo cha sanaa hapa, alifariki hapa hapa Bagamoyo 2003, na mpaka leo wa ukoo wake wapo wanaendeleza muziki. Kumbe yule kijana alikuwa anajifundisha tu barazani, hata hakujua kama tupo. Shangazi alisimama pale ukutani akafumba macho mpaka wimbo ukaisha.

Halafu soko la samaki, na hapa nilitaka tukae zaidi ya tulivyokaa. Ilikuwa saa 4 kasoro, mashua zimeshaingia, mnada unaendelea, changu, kibua, jodari, kamba, pweza wamewekwa chini wanang'aa. Kwenye mnada bei inaitwa haraka mpaka usipozoea huelewi nani amenunua. Pembeni kina mama wana makarai makubwa ya mafuta wanakaanga samaki hapo hapo. Mama wetu yule wa pweza akaonja pweza, kipande kidogo, chumvi na ndimu na pilipili. Akatafuna weeee, tukawa tunamwangalia wote. Akasema "mbona ni kama firigisi". Halafu akanunua sahani nzima.

Tukanunua changu wawili wakubwa na nazi nne tukaenda jikoni.

Mama mwenyeji anaishi kijiji cha nje kidogo ya mji, ni Mkwere, mjane, nyumba yake ya udongo na bati na uwani kuna mwembe na minazi mitatu. Kaka mwongozaji alimwita mama kwa heshima, na hela ya mapishi nilimpa mwenyewe mkononi, hilo tulikubaliana kabla. Alitukaribisha na muhogo wa kuchemsha na chai ya mchaichai. Muhogo, basi. Umepangwa kwenye sinia, umefunikwa na kawa, na aliutoa kwa fahari kabisa, "karibuni wanangu, huu nimeung'oa leo alfajiri". Hakuomba radhi kwamba ni muhogo. Hilo nitalirudia baadaye maana ndo lililonifanya niandike.

Akakaa kwenye mbuzi. Kama hujawahi kukuna nazi kwa mbuzi unadhani ni kazi ya nguvu, kumbe ni ya kiganja. Unakaa umetanguliza ule mti, lile jino la chuma linakuwa mbele yako, unaushika upande wa nazi kwa mikono miwili, unauzungusha kidogo kidogo, huanzii katikati, unaanzia pembeni kwenye ukingo unaingia ndani, na unasikiliza. Alituambia tusikilize. Sauti ikiwa laini uko kwenye nyama, ikianza kukwaruza ujue umefika kwenye kifuu, toka hapo, maana ukizidisha zinaingia zile chembe za kahawia na tui linabadilika rangi. Wale wenzangu waliokuna kwa nguvu wote nazi zao zilitoka na madoadoa. Mi alinishika vidole akavirudisha nyuma, "punguza haraka mwanangu, nazi haikimbii".

Maji ya uvuguvugu, unakamua, unachuja, tui la kwanza zito unaliweka pembeni usiliguse, unaongeza maji unakamua tena, hilo la pili jepesi ndo la kupikia wali. Wali ukikaribia kukauka akafunika, akapalia makaa juu ya mfuniko, moto juu na moto chini, akauacha. Changu wakachomwa kwanza makaani wamekatwa mistari, halafu lile tui zito limechemshwa na tangawizi, kitunguu saumu, bizari, pilipili, ndimu, likawa zito la kung'ang'ania mwiko, akawa anawapaka, anageuza, anapaka, anageuza. Anatumia kipande cha kitambaa kilichofungwa kwenye kijiti. Moshi wa ile nazi inayodondokea makaa sina maneno yake.

Kisamvu nacho alikuwa ameshakitwanga tangu asubuhi. Kwa hiyo mimi nilidhani tumemaliza.

Shangazi akainuka akaenda kwenye kosta akarudi na kiroba. Akamwambia mwenyeji, "dada, na mimi nimekuja na chakula, kama utanipa figa moja." Wapo rika moja wale. Mwenyeji akafungua kile kiroba akachota mlenda mkavu akaunusa, kwanza akakaa nao puani muda mrefu. Akauliza huu ni jani gani, shangazi akamwambia ni ilende, unaota wenyewe shambani mvua zikianza, sisi hatuupandi, tunachuma mwingi tunaanika tunatwanga tunaweka, ndo unatuvusha kiangazi chote, maana kwetu mvua ikikata mwezi wa nne au wa tano hurudi kuiona mpaka Desemba. Mwenyeji akasema "mnaweka jani la mwaka mzima?" Akawaita majirani zake wawili waje waone.

Basi shangazi akapika. Maji yakachemka, magadi punje kidogo tu, nyanya, akamwagia ule unga wa mlenda huku anapekecha kwa upekecho katikati ya viganja, kasi, mpaka ukaanza kuvutika. Karanga alikuwa amezikaanga na kuzitwanga kwenye kinu cha mwenyeji. Kabla hajazimimina mwenyeji akamshika mkono, akamwomba, "dada, nusu tutie tui." Nilimwona shangazi anafikiria. Mlenda wa nazi hajawahi kuusikia toka azaliwe. Akachukua sufuria ndogo akagawa, nusu ya karanga, nusu ya tui.

Ugali wa uwele ukasongwa, ule wa rangi ya majivu, harufu yake ya kama nafaka iliyokaangwa kidogo, na mkeka ukatandikwa chini ya mwembe. Wali wa nazi, changu wa kupaka, kisamvu, ugali wa uwele, milenda miwili. Wenyeji ilibidi wafundishwe kula mlenda, maana unavutika, sio unachovya tu unapeleka mdomoni, unachovya halafu unazungusha kiganja unakata ule uzi kwenye ukingo wa bakuli. Shangazi alikuwa anawaonyesha mmoja mmoja. Yule mjomba dereva wa kosta, mtu wa Kibaha, alijifanya anaangalia tu, mwisho alikula ugali wa uwele vipande vinne vikubwa.

Shangazi akaonja ule wa tui. Tukasubiri. Akasema, "Mtamu. Ila huu mpe jina lake, usiuite mlenda." Mwenyeji akasema na mi nitaupa jina, na kila wiki nitaupika kama utanitumia jani.

Na ubuyu. Mwenyeji alituletea ubuyu wa pwani, ule mwekundu wa sukari na hiliki, akasema chukueni wa safari. Shangazi akatoa wa kwake, mweupe mkavu vile vile ulivyotoka kwenye tunda. Wakawekeana mikononi. Mwenyeji akasema "kumbe huu ndo unakuja toka kwenu tunauvalisha nguo". Saa 7 na nusu tukaagana, nusu siku yangu imetimia, na wakati tunapanda kosta ndo akanipa mbuzi. Ana mbili, akasema, hii alikuwa anaitumia mama yake mdogo.

Sasa jambo langu.

Tuliporudi, wikiendi ya pili yake, walikuja wageni wa ofisini kwetu toka Tanga na Dar, watu watano, wakasema tutembezeni basi na sisi kwenu. Nikafurahi, nikasema nafanya vile vile, nusu siku. Asubuhi soko la Majengo tuone ubuyu na karanga na mboga kavu zilivyopangwa kwenye vidumu, halafu mashamba ya zabibu, huku zabibu zinavunwa mara mbili kwa mwaka na ndo tu zilikuwa zimeanza kuiva, mtu wa pwani akiona zabibu zinaning'inia kwenye ukame huu haamini, halafu Mvumi, kwenye mibuyu, tuwasimulie misafara na hongo, tule kijijini. Nikampigia mama mkubwa, nikamwambia tunakuja na wageni, tupikie chakula chetu.

Tumefika tunakuta pilau. Pilau, kuku wa kukaanga, na soda kreti zima. Mama mkubwa alikuwa amekopa kuku kwa jirani. Mlenda ulikuwepo, ulikuwa jikoni kwenye chungu, umefunikwa, wa kula wao tukishaondoka.

Nilimfuata jikoni nikamuuliza mama, mbona. Akasema kwa sauti ndogo, "mgeni hapewi mlenda, mwanangu, watasema tuna njaa."

Jamani nilikaa pale kwenye kigoda nikashindwa kujibu. Kwa sababu namwelewa. Huu mkoa umesemwa vibaya miaka mingi kwa habari ya njaa, na mtu aliyekulia kwenye kusemwa huko anaficha chungu chake. Lakini nikamkumbuka yule mama wa Bagamoyo na sinia lake la muhogo. Muhogo nao ni chakula cha shida ukitaka kukiita hivyo. Yeye aliuita kiamshakinywa akauwekea kawa juu. Na mlenda wa kwetu una akili nyingi ndani yake, kuna mtu zamani sana aliyegundua kwamba hili jani la porini ukilianika halipotezi utelezi wake, na kwamba uwele unavumilia mvua chache mahali mahindi yanakufa, na hivyo vitu viwili vikikaa ghalani watoto wanafika Desemba. Misafara ya watu mia mia ililishwa na nafaka za hapa. Sasa sisi tunaifunika.

Nikamwomba mama mkubwa anipe kile chungu nikitoe mwenyewe. Akakataa. Nikamwomba tena. Akasema basi kama ni hivyo kipashwe moto kwanza, mlenda wa baridi ndo aibu kweli. Akaupasha, akaongeza karanga, akauleta yeye mwenyewe, hakuniachia mi. Wageni wakaacha pilau. Sisemi kwa kumpendeza mtu, wa Tanga waliacha pilau, maana pilau wanaijua, kwao ni ya kila harusi. Mama mkubwa alikuwa amesimama mlangoni anafuta mikono kwenye khanga, anafuta tu, mikono imeshakauka zamani.

Kwa hiyo kama unapanga kutembeza watu, pwani au huku kwetu, mi naomba sana. Ongea na mpishi kabla, mwenyewe, sio kupitia kwa mtu, mwambie unataka chakula kile kile cha siku hakuna mgeni, na mlipe vizuri kama ungelipa hoteli. Hela yake umpe yeye mwenyewe mkononi. Usijaze vituo, vitatu vinatosha, kimoja kiwe jikoni na kipewe muda kuliko vyote. Pwani uliza maji yanakupwa saa ngapi kabla hujapanga kwenda sokoni. Wanawake bebeni khanga ya kujifunga, mnaingia uwani kwa watu. Na usiende mikono mitupu, hata unga kilo mbili toka kwenu, utaona mazungumzo yanavyobadilika.

Yule mama wa Bagamoyo anakuja. Hajawahi kufika bara zaidi ya Morogoro. Nimeshamwambia tutampokea stesheni, tutamtembeza nusu siku ile ile, Majengo, zabibu, mibuyu ya Mvumi. Ameniomba nazi asilete maana atashindwa kubeba, nitafute huku huku, nikamwambia mbuzi ninayo.

Shangazi amepiga simu jioni hii. Ameshaanza kupeta uwele. Akaniuliza, huyo dada anapenda mlenda wa karanga nyingi au kidogo, nikamwambia sijui shangazi, sikumuuliza. Akanyamaza akasema basi nitapika vyungu viwili.